Jani Moja la Isale na Majimbo Matatu

Sogeeni karibu, ila kila mtu akae upande anaoupenda, maana tukifika mwisho mtagombana, na kugombana kunataka mtu awe amekaa vizuri. Jibu la hadithi hii mimi sina. Aliyenisimulia hakuwa nalo, na aliyemsimulia yeye nasikia mpaka leo hasemezani na mkewe.

Palikuwa na nchi ya milima iliyogawanywa majimbo matatu ya uchaguzi. Kila jimbo lilikuwa na mbunge wake, na kila mbunge alikuwa na kipaji chake.

Mbunge wa Jimbo la Juu aliitwa Eliakunda, na kipaji chake kilikuwa sikio. Simu yake haikuwahi kuita mara tatu bila kupokelewa. Mpigie akiwa bungeni, mpigie akiwa kanisani, mpigie akiwa kwa kinyozi povu limemjaa kidevuni, atapokea na kusema, "Eliakunda hapa, nani mwenzangu?" Kuna bibi mmoja alikuwa akimpigia kila Ijumaa kumwambia tu kwamba mbuzi wake hajambo.

Mbunge wa Jimbo la Kati alikuwa mwanamke, Nanzia, na kipaji chake kilikuwa mkono. Maneno hakuwa nayo. Wakati wa kampeni alipanda jukwaani, akasema, "Barabara mmeiona," akashuka. Lakini akianza kazi haachi, na greda la jimbo lake alilijua mngurumo wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Mbunge wa Jimbo la Bondeni aliitwa Togolai, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Angeweza kuisifia ndizi mbichi mpaka ukaimenya. Hakwenda mahali bila mpiga picha. Akitoa ndoo mbili za plastiki kwa shule, picha zilikuwa arobaini. Watu walimcheka sana, na walimchagua mara tatu mfululizo.

Pale mipaka ya majimbo hayo ilipokutana palikuwa na kijiji kiitwacho Ikwende, na ndani ya Ikwende palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Nakundwa, ambaye majirani walimwita Mama Mbonea. Mbonea, mwanawe, alikuwa kazini machimboni, mbali, na mkewe Namsifu alikaa na mama mkwe wake. Walipatana, jambo ambalo kijijini lilisemwa kwa mshangao.

Nakundwa alikuwa mtu wa mpangilio, na mpangilio ndio uliomponza. Miaka kumi na sita kabla ya haya, wapimaji walikuja wakachomeka vijiti vyekundu kuonyesha mipaka ya majimbo, wakanywa chai yake, wakaondoka. Masika ikaja ikavisomba vijiti vyote. Nakundwa akasema haiwezekani mpaka ukakaa bila alama, watu wataibiana. Akaenda kukata masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani mwa mashamba huko milimani, akaipanda kwa kukumbukakumbuka: hapa palikuwa na kijiti, hapa nadhani palikuwa na kijiti, hapa pangefaa kuwa na kijiti. Safu tatu zikakutana uani kwake, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Na isale likishashika haling'olewi. Hilo kila mtoto wa milimani analijua. Isale ndilo mpaka, isale ndilo msamaha, isale ndilo kiapo. Ukimkosea mtu ukamwendea na jani la isale mkononi, hana budi kukusamehe. Ukiapa umelishika kisha ukageuka, kiapo hakikudhuru wewe. Kinamrudia yule uliyeapa kwa ajili yake, yeye na uzao wake. Kwa hiyo wapimaji waliporudi na kuyakuta masale, na mmoja wao akaanza kusema kwamba mpaka haukupita hapo, kijiji kizima kilimtazama. Ramani ikachorwa ikafuata masale.

Hivyo ndivyo Nakundwa alivyojikuta, kwa mkono wake mwenyewe, ana jiko katika Jimbo la Juu, nyumba ya kulala katika Jimbo la Kati, na banda la ng'ombe katika Jimbo la Bondeni. Kila uchaguzi alipiga kura pale alipoelekezwa, na kila uchaguzi walimwelekeza pengine. "Mimi sijui ni wa nani," alikuwa akisema, "ila ng'ombe ni wa Togolai."

Ikafika Jumanne moja ya masika, asubuhi. Uchungu wa Namsifu ulikuwa umeanza tangu jana yake, na sasa ulikataa kwenda mbele. Mkunga wa kijiji akamshika tumbo, kisha akamvuta Nakundwa pembeni. "Mama Mbonea, huyu si wa hapa. Huyu ni wa kisu."

Nakundwa alikuwa na binti, dada yake Mbonea, aliyefia njiani kwenye machela ya miti kwa shida hiyohiyo, kabla simu na magari havijafika Ikwende. Alimzika yeye na kitoto chake katika sanduku moja. Si mara ya pili, alisema, Mungu wangu, si mara ya pili. Akatoka uani mbio, akavunja jani moja la isale palepale safu tatu zinapokutana, hakuchagua, akalikamata mkono wa kulia. Jani hilo mlikumbuke.

Kwanza alipiga simu kwenye kituo cha gari la wagonjwa, kilichokuwa Jimbo la Juu. Dereva akamuuliza, "Mama, upo jimbo gani?"

"Nipo jikoni."

"Jikoni ni jimbo gani?"

"Jikoni ni Juu. Ila mgonjwa yupo chumbani."

"Na chumbani?"

"Kati. Baba, unakuja kubeba chumba au kubeba mtu?"

Dereva akasema amri ni amri, gari la Juu halivuki mpaka ila kwa neno la mheshimiwa. Basi Nakundwa akampigia mheshimiwa mwenyewe. Simu iliita mara mbili.

"Eliakunda hapa, nani mwenzangu?"

Akamweleza yote kwa pumzi moja. Eliakunda akauliza, "Mama yangu, wewe ni mpiga kura wangu?" Nakundwa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, akarudisha mguu mmoja jikoni. "Ndiyo, mheshimiwa. Na hapa nimeshika isale. Mkwe wangu akipona, naapa, nyumba yangu ni yako."

Jambo ambalo Nakundwa hakulijua ni kwamba ndani ya gari lile, saa ileile, alikuwa amekaa mama mzazi wa Eliakunda, amevaa kitenge chake kizuri, anapelekwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Miadi ile aliingoja miezi saba. Eliakunda akampigia dereva: "Mteremshe mama. Mwambie nitakuja kumwomba radhi mwenyewe." Bibi akateremshwa, akakalishwa kwenye benchi la dukani, na gari likashuka Ikwende. Miadi ikapita, na jicho lile mpaka leo linaona ukungu tu.

Gari likampakia Namsifu, na Nakundwa akakaa pembeni yake, jani mkononi. Walikwenda vizuri mpaka ndani ya Jimbo la Kati, na kwenye kona moja kali wakakuta mlima umekaa barabarani. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo na mawe, na migomba ya watu ilikuwa imesimama wima katikati ya njia utadhani imepandwa pale. Dereva akazima injini, akashika kichwa.

Ng'ambo ya kibonde Nakundwa alisikia greda linanguruma. Akateremka, akakatisha mashamba ya watu, kanga ikinasa kwenye vichaka, mpaka akamkuta Nanzia amevaa mabuti ya mvua, anaelekeza greda kwa mikono. Hiyo ilikuwa njia ya kwenda shule mpya. Saa sita mchana siku hiyo waziri alikuwa anakuja kuikagua, na akiridhika ameahidi kilomita kumi na mbili za lami. Kipande kibaya kuliko vyote kilikuwa bado.

"Mheshimiwa, nimeshika isale," Nakundwa alianza, na pumzi hana. "Mkwe wangu yuko kwenye gari, njia imefunga..."

"Wa wapi?"

"Ikwende."

Nanzia akamtazama. Alimjua, nani asiyemjua mwanamke aliyepanda masale uani kwake? Na alijua pia kwamba uchaguzi uliopita nyumba ile iliandikishwa Bondeni. "Kura yako si kwangu, mama," alisema.

"Itakuwa kwako! Naapa kwa jani hili, mkwe wangu akipona, nyumba yangu ni yako."

"Sijakuomba kura. Toa jani mbele ya dereva wa greda, haoni anakokwenda."

Akarukia ubavuni mwa greda, wakageuza. Waliuchonga ule udongo karibu saa nzima na nusu, na Nanzia mwenyewe akibeba mawe kifuani. Gari likapita. Waziri alipofika saa sita alikuta tope, na greda halipo. Hata mlango hakufungua. Akarudi na lami yake, na mwaka huohuo ikawekwa wilaya nyingine, wakati wanafunzi wa Nanzia wanaendelea kubeba viatu mkononi.

Kituo cha afya kilikuwa Bondeni. Daktari alikuwepo na chumba cha upasuaji kilikuwepo. Akampasua Namsifu, mtoto akatoka analia, msichana. Lakini mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, na nesi alitoka nje uso umemkunjamana. Kwenye friji damu ya kundi lake haikuwamo hata chupa moja. Walimpima Nakundwa, haikuoana. Walimpima dereva, haikuoana. Nakundwa akakaa chini sakafuni na kuanza kulia kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameyaona haya na alijua yanavyokwisha.

Siku hiyo Togolai alikuwa palepale kituoni na mpiga picha wake, anagawa mashuka kumi na mawili. Alipoambiwa kilio kile ni cha nini, alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Nipimeni mimi!" Watu wakadhani ni maneno yake ya siku zote, na pengine hata yeye alidhani hivyo. Wakampima. Ikaoana.

Hapo uso ukamshuka. Togolai huyu, bingwa wa majukwaa, alikuwa anaogopa sindano tangu utotoni. Shuleni siku ya chanjo alikuwa akitorokea dirishani. Aliitazama sindano kule mezani, akamtazama Nakundwa pale sakafuni na jani lake lililoanza kunyauka. "Mama," aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "nikitoa, utanipa kura?"

"Naapa kwa jani hili. Akipona, nyumba yangu ni yako."

Akafumba macho, akanyoosha mkono, akatoa. Alipoinuka alitembea hatua tatu, akaanguka chali juu ya rundo la mashuka yake mwenyewe, mdomo wazi, kiatu kimoja kimetoka. Na mpiga picha, kwa mazoea, akapiga. Kufika jioni picha ile ilikuwa kwenye simu ya kila mtu kuanzia Juu mpaka Bondeni. Mtu aliyekuwa akiishi kwa picha akawa hawezi kupanda jukwaani bila vijana kujiangusha chali mbele yake na kuvua kiatu kimoja.

Namsifu akapona.

Nakundwa alirudi nyumbani na mkwe, mjukuu, na viapo vitatu juu ya jani moja. Jani alilikausha akaliweka ndani ya Biblia. Siku za mwanzo hakuyafikiria hayo kabisa, alikuwa anacheka peke yake akimwogesha mtoto. Alipokuja kuyafikiria, alijiambia kwamba kura ni siri, uchaguzi uko mbali, na Mungu ni mkubwa.

Miezi minane baadaye tume ya mipaka ikatuma mtu. Alikuwa kijana mpole, Afisa Rweyongeza, na aliongea taratibu kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu. Kwenye mkutano wa kijiji alieleza kwamba majimbo matatu yamezidi, yanatakiwa mawili, na kwamba Ikwende haitakatwa tena vipande. Jimbo litakaloichukua Ikwende yote litabaki jimbo na mbunge wake atabaki. Mengine mawili yataunganishwa, na wabunge wao watagombea kiti kimoja.

Ikwende ilikuwa na vitongoji vitatu, na kila kimoja kilivuta kwake. Mkutano ulikaa mara tatu ukavunjika mara tatu, mara ya tatu kwa viti. Mwishowe mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Si masale ni ya Mama Mbonea? Aliyetutia humu atutoe!" Watu wote wakapiga makofi, hata wale waliokuwa wameshikana mashati. Ikaandikwa kwenye muhtasari: nyumba ya Nakundwa itakapokwenda, Ikwende itakwenda.

Nakundwa akaenda kwa mchungaji, kichwa kinamzunguka. Alimweleza jani, simu, greda, damu.

"Mama," mchungaji alisema, "hayo ya masale ni mambo ya zamani. Usitishike nayo."

"Nimesikia, mchungaji. Na yale yaliyopandwa kwenye mpaka wa kanisa?"

Mchungaji akatazama dirishani. "Yale nimeyakuta," alisema.

Basi hakupata msaada hapo. Alitembea kurudi nyumbani akihesabu. Akimpa Eliakunda, amewavunjia viapo wawili. Akimpa Nanzia, amewavunjia wawili. Akimpa Togolai, wawili vilevile. Kila hesabu ilikuwa na viapo viwili vilivyovunjika, na kila kiapo kilichovunjika kilikuwa kinamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwa Namsifu. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha chakula. Majimbo yangekwenda popote, yeye alikuwa anamwogopea mtoto.

Siku ya Nakundwa kutia dole gumba kwenye fomu ya tume ikafika, na wabunge wote watatu wakaja. Kwa kuwa ilikuwa marufuku mbunge kufanya kampeni katika jimbo la mwenzake, kila mmoja alikaa kwake. Eliakunda aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda, moshi unamtoa machozi. Nanzia alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba. Togolai alikaa bandani, juu ya ndoo iliyofudikizwa, ng'ombe anamlamba kola ya koti. Afisa Rweyongeza aliweka meza yake uani, pale masale yanapokutana, na kijiji kizima kikajipanga nje ya ua. Nakundwa akapeleka chai majimbo yote.

"Mama yangu!" Eliakunda aliita kutoka jikoni. "Nani alikusikia kwanza? Bila gari, hiyo njia ingesafishwa apite nani? Na mimi ndiye niliyeapiwa wa kwanza. Mwenye kuwahi ndiye mwenye haki."

"Gari lako lilimbeba mtu anayekufa!" Togolai alijibu kutoka bandani. "Greda likampisha mtu anayekufa! Aliyemrudisha ni nani? Damu yangu inatembea humo mwilini mwa Namsifu hivi sasa, tumekuwa ndugu! Na kiapo cha mwisho ndicho kinachoshika, kama wosia."

"Wewe ulitoa kwa kununua kura."

"Na wewe kwenye simu uliuliza nini kwanza? Uliuliza hali ya mgonjwa?"

Eliakunda akasema, polepole, "Nilidhani ni wangu. Nimechaguliwa kuwasikia walio wangu, na mama yangu mzazi nilimteremsha kwa ajili ya huyu niliyedhani ni wangu. Hilo nalo ni kosa?"

"Hakuwa wako!"

"Mguu wake ulikuwa jikoni!"

Watu nje ya ua wakaanza kuvutana, mmoja anasema mguu mmoja hautoshi, mwingine anasema kwani tunapiga kura kwa miguu mingapi. Nakundwa akamgeukia Nanzia. "Na wewe, mheshimiwa, huna neno?"

Nanzia akaweka kikombe chini. "Sikuomba kiapo, mama. Nilijua si wangu na nikaja. Chako nakuachia. Chagua kati ya hao wawili."

Hapo ndipo kelele zilipopanda. "Huyo ndiye!" nusu ya kijiji ilipiga ukelele. "Asiyeomba ndiye anayestahili!" Na nusu nyingine: "Mwenyewe amekataa, mtampaje kwa nguvu?" Bibi mmoja alisema aliyetoa bila kutaka malipo hakupungukiwa. Jirani yake akamuuliza kama wale watoto wanaobeba viatu mkononi nao hawajapungukiwa. Nakundwa alisimama katikati akigeuka huku na huku, na kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka mwingine aseme.

"Kuachia huwezi, mwanangu," alimwambia Nanzia mwishowe, karibu kulia. "Jani halikuuliza kama umeomba. Lilinisikia mimi."

Akaingia ndani akaitoa Biblia, akalitoa jani. Mtu akasema basi iangaliwe limetoka safu ya nani, hiyo ndiyo dawa. Wakaenda mbio, wakainama penye kikonyo kilichovunjika. Masale matatu yalikuwa yameshikana shinani, shina moja huwezi kulitenga na lingine bila kung'oa, na kung'oa hakuna.

"Mwanangu," Nakundwa alimwambia afisa, "nikiacha wazi je? Nisitie popote?"

Rweyongeza akapekua karatasi zake. "Mkiacha wazi, Ikwende inabaki vipande vitatu kama ilivyo. Hakuna atakayeichukua."

"Yaani nitakuwa nimewanyima wote."

"Ndiyo, mama."

"Basi vitavunjika vyote vitatu."

Namsifu akatoka ndani na mtoto. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya meza. "Aliyeokolewa ni mimi," alisema, "na mimi sijamwapia mtu. Nipeni huo wino, mama apumzike." Watu wakasema kweli, kweli, mbona hatukulifikiria hilo. Afisa akasema fomu inataka mwenye nyumba.

"Hata kama," Nakundwa alimshika mkono. "Niambie tu, mkwe wangu. Ungekuwa wewe, ungempa nani?"

Namsifu alitazama jikoni, akatazama ngazini, akatazama bandani. "Mimi, mama, nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji," alisema. "Sikusikia gari, sikusikia greda, sindano sikuisikia. Nilisikia sauti moja tu, yako, unaapa. Sikusikia unamwapia nani."

Hata ng'ombe akaacha kulamba. Rweyongeza akasogeza fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu, Juu, Kati, Bondeni, vyote ukubwa mmoja. Akamshika Nakundwa dole gumba kwa adabu, akalibonyeza kwenye kidau cha wino.

Wakati huohuo mtoto akaamka akaanza kulia, akamnyooshea bibi yake mikono, maana alishamzoea kuliko mtu yeyote. Nakundwa akaenda kumpokea, kisha akakumbuka wino, akaurudisha mkono. Akasimama dole likiwa hewani. Hawezi kumbeba mjukuu wake mpaka alibonyeze mahali.

Mimi nimeachiwa hadithi hapo, na hapo ninawaachia. Kuna aliyempa mama yake jicho la ukungu kwa ajili ya mtu aliyemdhani wake. Kuna aliyepoteza lami ya jimbo zima kwa ajili ya mtu aliyejua si wake. Kuna aliyetaka kura, akaitaja waziwazi, akatoa damu na heshima yake vyote kwa pamoja. Ondoa mmoja, Namsifu hayupo.

Haya, nyie mliokaa huko mnanong'ona. Je, lingekuwa dole lako, ungelibonyeza wapi? Na ungemwambia nini mtoto kesho? Semeni upesi, wino unakauka na mtoto analia.